Kusi, Kaskazi na Jaa la Mwakirunge



Wasomaji wetu wapenzi, katika safari zetu tumezoea kutembea nanyi kwenye miji ya mababu, misikiti mikongwe na visiwa vyenye kupendeza macho. Wiki hii tunawaomba mtuvumilie, kwani tunawapeleka mahali ambapo kila nyumba ya Mombasa hupeleka kitu kila siku, na ambapo wachache mno kati yetu wamewahi kukanyaga. Tunakusudia jaani. Hatukwenda huko kutafuta aibu ya mtu. Tulikwenda kutafuta jawabu la suali moja: vile vitu vyepesi tunavyovitupa, karatasi, nailoni, pakiti za maziwa na za viazi, vikishafika jaani hubaki huko? Na kama havibaki, huenda kwa nani?

Kibarani, jaa lililokuwa mlangoni

Mji wetu asili yake ni kisiwa, na kisiwa hakina uwanja wa kumwaga uchafu wake. Kwa miaka mingi taka za mji zilipelekwa Kibarani, ng'ambo ya Makupa, kando ya njia ya kwendea Changamwe. Mgeni aliyetoka Nairobi au aliyeshuka uwanja wa ndege alipokewa na moshi na harufu kabla hajaiona bahari. Wenyeji walikuwa wamezoea, na mazoea yana taabu yake: hukuzuia kuona.

Jaa lile lilikuwa ukingoni mwa hori. Mvua ikinyesha, maji yaliteremsha taka hadi baharini. Mvua isiponyesha, upepo ulifanya kazi ile ile. Kinachopeperuka kutoka jaani hakichagui pa kutua. Kikiangukia mikoko hunasa kwenye mizizi ile inayochomoza matopeni ili mti upate kupumua, na mti uliofunikwa mizizi yake hudhoofika. Kikiangukia maji, huenda na kupwa na kujaa hadi mwisho wake ukawa tumboni mwa samaki au kasa.

Mwaka 2018 ilianza kazi ya kulifunga jaa lile. Lilifunikwa udongo, likapandwa nyasi na miti. Mwaka 2022 likafunguliwa daraja jipya la Makupa mahali pa tuta la mwaka 1929, na maji ya pande mbili, yaliyotenganishwa tangu enzi za babu zetu, yakaanza tena kupishana. Leo mtu hupita pale bila ya kufunga vioo vya gari.

Tuliposimama Kibarani tulijifunza jambo la kwanza la safari yetu. Upepo unaovuma pale leo ni ule ule uliokuwa ukivuma miaka yote, haukupungua hata chembe. Kilichobadilika ni kwamba hauna tena cha kuchukua. Hata hivyo, wasomaji wetu, tusijidanganye. Taka za Mombasa hazikukoma siku Kibarani ilipofungwa. Zilihama mlango, zikaelekea Mwakirunge.

Njia ya Mwakirunge

Tulitoka kisiwani baada ya Sala ya Alfajiri, tukavuka daraja la Nyali, tukalipita soko la Kongowea na kushika barabara ya Malindi. Ulikuwa mwezi wa Julai, na kusi lilikuwa limeshika. Mbele yetu lilikwenda lori la taka lisilofunikwa, na kila lilipoongeza mwendo lilitoa juu yake karatasi mbili tatu, mithili ya kuku anayenyonyolewa njiani. Kabla ya kufika jaani, sehemu ya mzigo wake ilikwisha kugawiwa kwa wenye nyumba na maduka ya kando ya barabara.

Hapo Bamburi tulisimama kidogo. Wazee mtakumbuka yale machimbo ya kiwanda cha saruji, ardhi nyeupe iliyokwanguliwa hadi mwamba, isiyo hata na kijani kimoja. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo aitwaye René Haller alianza kuotesha miti pale. Alijaribu aina 26, zikasimama 3 tu, na mojawapo ilikuwa mvinje. Majani yake membamba yakaanguka, yakaoza, yakawa udongo, na leo pale pana msitu ambao watoto wetu hupelekwa na shule zao kuangalia twiga. Tunautaja mvinje kwa sababu tutauhitaji mbele: ni mti usioogopa ardhi mbovu, wala chumvi ya bahari, wala upepo.

Kisha tuliiacha barabara kuu, tukaingia upande wa bara. Mashamba yakaonekana, minazi na mikorosho, mihogo, nyumba za udongo na za matofali. Tulijua tumekaribia kabla ya kuliona jaa lenyewe, kwani miiba ya kando ya njia ilikuwa imechanua maua ambayo Mwenyezi Mungu hakuyaumba: vipande vya nailoni vyeupe, vya buluu na vyeusi, vikitikisika na upepo.

Bibi mwenye fagio

Upande wa kaskazini wa jaa tulimkuta bibi mmoja mtu mzima akifagia uwanja wake kwa fagio la chelewa. Tulipiga hodi, akatukaribisha, akatutandikia mkeka chini ya mkorosho.

"Habari za hapa, mama?"

"Njema, shekhe, namshukuru Mungu. Ila upepo."

Tulimuuliza upepo umemfanyia nini. Akaegemeza fagio lake, akasema: "Kaskazi hunipumzisha, huzipeleka kwa wenzangu wa upande ule. Kusi likiingia, nafagia asubuhi, nafagia adhuhuri, nafagia alasiri. Maziwa wameyanywa wengine, pakiti nazizoa mimi. Nepi zaja hapa, na nyumbani kwangu hakuna mtoto mchanga."

Alituonyesha zizi dogo la mbuzi. Wawili, akasema, walikufa matumbo yamefura, na walipopasuliwa hapakuwa na majani ndani, palikuwa na nailoni iliyosokotana kama kamba. Jambo hili si geni kwa wachinjaji wetu, wala kwa akina mama wanaoosha matumbo kwa ajili ya supu. Mnyama hana mkono wa kuchambua. Hula kile kilichonukia chumvi au chakula, na nailoni haisagiki wala haitoki. Hukaa tumboni na kuziba nafasi ya lishe, hata mnyama akafa kwa njaa ilhali ameshiba.

Mwana wa bibi yule alikuwa amejaribu dawa yake mwenyewe. Alisimamisha nguzo mbili baina ya jaa na uwanja, akatundika wavu mkuukuu wa samaki. Siku ya kwanza ulivua vizuri. Siku ya tatu ulikuwa umejaa hauna tundu lililobaki wazi, na upepo wa alasiri ulipopiga, wavu ukafura kama tanga la jahazi na kung'oa nguzo moja. Tuliikuta imelala. "Wavu wa baharini ukijaa wavutwa," kijana alituambia. "Huu nao wataka kuvutwa kila siku, na mimi kila siku nina kazi nyingine."

Maneno yale yana elimu kubwa, na tutayarudia.

Elimu ya pepo

Sisi watu wa pwani hatuna udhuru wa kutojua mwendo wa upepo. Mababu zetu waliishi kwa hesabu yake. Kaskazi, tokea Desemba hadi Machi, iliwaleta wafanyabiashara wa Uarabuni na Bara Hindi. Kusi, tokea Aprili hadi Septemba au karibu yake, iliwarudisha kwao, ingawa katika ukali wake wa Juni na Julai vyombo vingi vilikaa bandarini. Baina ya hizo mbili hupita matlai. Kila siku tena ina upepo wake mdogo: alfajiri hewa hutulia au huvuma umande kutoka bara, na jua likipanda upepo wa bahari huja na kuongezeka nguvu hadi alasiri. Nahodha alijua upande wa joshini, upepo unakotoka, na upande wa demani, upepo unakokwenda, kama ajuavyo mkono wake wa kulia na wa kushoto.

Basi jaa ni chombo kilichotia nanga mahali pamoja, na kila msimu kina upande wake wa demani. Kwa kusi, demani ni kwa yule bibi. Kwa kaskazi, demani ni kwa majirani wa upande wa pili. Mwenye kuzuia taka zisiruke bila ya kuijua hesabu hii atajenga uzio mahali pasipo na upepo, na kuacha wazi pale panapovuma.

Jinsi jaa linavyozuiwa lisiruke

Wenye elimu ya majaa wana taratibu zao, na si za siri. Ya kwanza ni kuufanya mdogo mdomo wa jaa. Malori yasimwage popote yanapopenda. Yamwage mahali pamoja pembamba, na tingatinga lisukume na kushindilia papo hapo. Eneo lililo wazi likiwa dogo, upepo una machache ya kunyakua.

Ya pili ni udongo. Kanuni za Marekani za mwaka 1991 zinawataka wenye majaa kufunika taka kila mwisho wa siku ya kazi kwa udongo wa inchi 6, yaani kama sentimita 15, na katika sababu zinazotajwa humo mna kuzuia taka kupeperuka, pamoja na moto, harufu na wadudu. Nchi za Ulaya nazo, katika sheria yao ya majaa ya mwaka 1999, zimewajibisha kuchukuliwa hatua dhidi ya vitu vinavyobebwa na upepo. Kipimo cha sentimita 15 ni urefu wa kalamu ya mwanafunzi. Hicho ndicho kilichoituliza Kibarani, nacho ndicho kinachokosekana katika majaa mengi ya nchi zetu, ambako taka hulala uchi usiku na mchana.

Ya tatu ni wavu, na hapa twarudi kwa yule kijana. Wavu unafaa, lakini una masharti. Uwe karibu sana na pale pa kumwagia, kwani kitu kikipata nafasi ya kupanda juu kitapita juu ya wavu. Uwe wa kuhamishika, ili kusi ikimalizika ugeuzwe kuikabili kaskazi. Uwe na wavu wa pili, wa kudumu, mpakani, kwa yatakayoponyoka. Na lililo muhimu kuliko yote, usafishwe kila siku. Wavu ulioachwa ukajaa si wavu tena, ni tanga, na tanga halikamati upepo ila kwa kung'oa mlingoti.

Ya nne ni saa. Mizigo myepesi, karatasi na plastiki, imwagwe asubuhi hewa ikiwa tulivu, kisha mizigo mizito na yenye maji iwekwe juu yake. Upepo ukipita kiasi, mizigo myepesi isubiri. Ya tano ni turubai juu ya kila lori, ili taka isiyofika jaani isilaumiwe kwa jaa. Ya sita ni miti mpakani, na ndiyo maana tuliutaja mvinje: safu mbili tatu zake hupunguza kasi ya upepo na kunasa vilivyobaki, ijapokuwa huchukua miaka kukua. Ya saba ni mikono ya watu wanaolipwa kuokota kilichoponyoka, ndani ya jaa na nje yake, mpaka uwanjani kwa bibi.

Katiba yetu ya mwaka 2010 imempa kila mtu haki ya mazingira safi, na imezikabidhi kaunti kazi ya kuondoa taka. Kudai mambo haya kwa adabu, katika vikao vya wananchi, ni haki yetu, na ni wajibu wetu kwa niaba ya wale walio demani.

Mfuko unaopasuliwa

Lakini tulipoingia jaani kwenyewe tuliona jambo ambalo halikutajwa katika taratibu hizo saba. Lori lilipomwaga, vijana na akina mama wanaotafuta riziki pale walilizunguka, wakaanza kuipasua mifuko. Wanatafuta chupa, vyuma, makopo, vitu vya kuuza kwa kilo. Mfuko uliofungwa nyumbani kwa fundo zuri hupasuliwa tumboni. Kinachouzwa huingia guniani, na kisichouzwa, ambacho ndicho chepesi kupita vyote, hubaki wazi juu ya rundo. Hapo hapo upepo huja kuchukua haki yake.

Haitufalii kuwalaumu watu wale. Wanafanya kazi tuliyoiacha sisi. Wanapasua kwa sababu tumechanganya: chupa iko chini ya maganda ya ndizi, kopo limo ndani ya nepi. Lau tungalitenganisha jikoni, angalipokea gunia lake safi bila ya kupasua kitu, na yale mepesi yangalibaki yamefungwa. Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inatutaka tutenganishe vinavyooza na visivyooza, lakini hata bila ya sheria, fagio la yule bibi latosha kutuhimiza.

Mwezi Agosti mwaka 2017 nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na adhabu yake inafika shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Faida yake imeonekana. Miti ya kando ya barabara imepumua. Hata hivyo pakiti za mkate, za viazi, za barafu na za peremende zingalipo, na vifuko vyembamba vingali vikizunguka madukani kwa siri. Marufuku yamepunguza mzigo wa upepo, hayakuumaliza.

Kwa hiyo, mama zetu na dada zetu, nanyi akina baba mnaodhani jambo hili halina mkono wa kiume, tunapendekeza haya machache. Wekeni vyombo viwili jikoni, kimoja cha maganda na mabaki, kingine cha vikavu. Chupa, makopo na vyuma viwekwe katika gunia lake na apewe anayeokota, mkononi, kwa salamu. Pakiti nyepesi zisokomezwe ndani ya chupa moja ya maji, zishindiliwe kwa kijiti hata chupa iwe ngumu, kisha ifungwe kifuniko. Chupa iliyojaa hivyo haipeperuki popote. Mfuko wa taka utolewe hewa kabla ya kufungwa, na usiwekwe nje usiku mzima ukangojea paka na kunguru. Na mkimlipa mwenye mkokoteni au gari la taka, mwulizeni kama ana turubai. Mteja akiuliza, turubai hupatikana.

Karatasi zenye maandishi matukufu

Lipo jambo moja ambalo hatukuweza kulipita kimya. Katika vitu vilivyonasa kwenye miiba ya Mwakirunge, tuliona ukurasa wa juzuu ya mtoto, umepauka kwa jua, aya zake zasomeka. Karibu yake palikuwa na kadi ya harusi yenye Basmala juu. Tulivitoa miibani na kuvihifadhi. Lakini mkono wetu mmoja utatoa vingapi? Nyumba zetu zimejaa karatasi hizi: kalenda, kadi, matangazo ya Maulidi, madaftari ya madrasa. Hakuna mzazi ambaye angelimwaga ukurasa wa Qur'ani penye najisi kwa kukusudia. Hutokea kwa sababu karatasi ilitiwa kapuni pamoja na nyingine, na upepo ukamaliza safari.

Maulamaa wameeleza njia za kuzihifadhi karatasi zilizochakaa. Huzikwa mahali safi pasipokanyagwa, au huchomwa mpaka maandishi yatoweke, na majivu yakazikwa, kama Sayyidna Uthman alivyoamuru kuchomwa nakala nyinginezo baada ya kukusanywa msahafu. Au hufutwa na kukatwakatwa hata isibaki herufi. Walimu wetu wa chuoni walikuwa hawaruhusu hata maji yaliyooshea ubao wa mtoto yamwagwe njiani. Basi kila nyumba na itundike mfuko mmoja wa kitambaa kwa ajili ya karatasi hizi, na kila madrasa itenge siku katika mwezi ya kuzipokea na kuzihifadhi inavyopasa. Jambo hili halina gharama, na watoto wenyewe waweza kulisimamia.

Haki ya jirani

Sote tumefundishwa tangu utotoni kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi la imani, na kwamba jirani ana haki juu yetu. Tulizoea kumhesabu jirani kwa kuta na milango. Mwakirunge imetufunza kwamba upepo nao hufanya ujirani. Nyumba iliyo demani mwa taka zetu ni nyumba ya jirani, hata kama baina yake na sisi pana hori, daraja na mwendo wa saa nzima.

Kaskazi itakapoingia, bibi wa Mwakirunge atapumzika, na wenziwe wa upande wa pili watashika mafagio. Kabla ya siku hiyo imebaki miezi kadhaa, na mfuko wa kitambaa hushonwa kwa jioni moja.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.